Ng'ombe wa Kukhu na Nanga ya Mzungu: Venye Mashua Inalala Salama Mbele ya Ufukwe wa Mayotte

Si unajua zile video za YouTube za wazungu wawili, mtu na bibi yake, wameuza nyumba wakanunua mashua ya matanga na sasa wanazunguka dunia? Unazipata usiku umelala zako Milimani Kitale ama hapo Kanduyi, bando imebaki ya kuhesabu, na bado hutaki kuzima. Mashua inaingia kwa ghuba, maji ni bluu mpaka unashuku ni filta. Nyororo inashuka krrrrr. Jamaa anaruka majini, mrembo anakata nanasi. Video imeisha.

Sehemu yenye wanakata ndiyo iko na kazi. Maze, hiyo mashua haina handibreki. Ni kama tani kumi zinaelea juu ya maji, upepo unazisukuma usiku kucha, miamba iko hapo nyuma, na wenyewe wamelala fofofo. Asubuhi wanaamka wako pale pale. Nani aliishika?

Nimechimba hii stori vizuri, na nakuambia ukikulia Trans Nzoia ama Bungoma hii kitu unaijua tayari, hata kama bahari umeionea tu kwa simu. Uliisomea kwa ng'ombe wa kukhu.

Lakini kwanza tuchague ufukwe. Kuna kisiwa cha Ufaransa kiko huku kwetu, si ile Ulaya ya baridi. Kinaitwa Mayotte, wenyewe wanakiita Maore. Kiko Bahari Hindi, mwisho wa kaskazini wa mlango wa Msumbiji, katikati ya Madagaska na bara la Afrika. Kutoka Kilifi ni takriban kilomita 1,200 kwa mstari ulionyooka. Watu wa huko ni Waislamu wengi, wanaongea Shimaore, na Shimaore ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Maji wanaita maji, bahari wanaita bahari, na ukimfanyia mtu wema atakuambia marahaba, yaani asante. Hata pepo majina ni yale yale ya Mombasa na Lamu: kusi na kashkazi. Lakini dukani unalipa na yuro na polisi ni wa Ufaransa.

Ilifikaje hapo? Kwa ufupi: Ufaransa ilikichukua mwaka 1841. Mwaka 1974 visiwa vya Komoro vilipiga kura ya uhuru, vingine vyote vikasema ndiyo, Mayotte ikakataa. Komoro ikajitangazia uhuru 1975. Mayotte ikapigiwa kura tena 1976, ikabaki. Tarehe 31 Machi 2011 ikawa mkoa kamili wa Ufaransa, sawa tu na mikoa ya kule Ulaya. Komoro mpaka leo inasema hicho kisiwa ni chake. Hii siasa iweke kando kidogo, tutairudia, juu inahusu nani anaruhusiwa kutia nanga na nani anakimbizwa.

Kwa wenye mashua za matanga, Mayotte ni tamu kwa sababu ya umbo lake. Kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita mraba 374 hivi, lakini kimezungushiwa ukuta wa matumbawe na ndani ya huo ukuta kuna bahari tulivu ya zaidi ya kilomita mraba 1,000. Mawimbi makubwa yanavunjikia nje. Ndani ni kama bwawa kubwa lenye fukwe ndogo ndogo, nyingine hazina hoteli, hazina kelele, ni mibuyu tu na mchanga. Unaingilia kwa milango ya mwamba. Mmoja unaitwa Passe en S kwa sababu unapinda kama herufi S. Unapita, unatafuta kona yako, unatia nanga.

Sasa hapo ndiyo watu hukosea.

Nanga haishikilii kwa uzito

Muulize mtu yeyote hapa town nanga inafanyaje kazi, atakuambia ni kitu kizito, kinashuka chini, kinazuia chombo. Ni jibu la sawa kwa mashua ndogo ya uvuvi. Ukienda Port Victoria kwa wavuvi wa ziwa utapata jiwe limefungwa kamba, na linatosha kwa masaa machache. Lakini mashua ya matanga ya mita 12 inabeba nanga ya kilo 20 hadi 25 tu. Gunia la mahindi la Kitale ni kilo 90. Kwa hivyo nanga ya hiyo yoti haifiki hata theluthi moja ya gunia. Huwezi niambia kilo 25 zinazuia tani kumi kwa uzito wake. Hapana.

Fikiria kigingi cha ng'ombe. Unakipiga ardhini, unafunga kamba, ng'ombe analisha kando ya barabara ya Chwele siku mzima. Kigingi chenyewe hakina uzito wowote wa maana. Kinashika kwa sababu kimeingia kwa udongo na ng'ombe anakivuta kwa upande. Akivuta hivyo mpaka jioni hakitoki. Lakini wewe ukitaka kukitoa unafanyaje? Unasimama juu yake, unakivuta kwenda juu. Kinatoka kama jino bovu.

Basi. Hiyo ndiyo nanga. Ikivutwa kwa usawa wa ardhi inashika. Ikivutwa kwenda juu inatoka. Kila kitu kingine chenye utasoma kuhusu kutia nanga, hesabu zote, vifaa vyote vya bei, vimetoka kwa hizo sentensi mbili.

Na kuna kitu kinanifurahisha hapa. Mwaka 1933 Mwingereza mmoja, Geoffrey Ingram Taylor, mtu wa hesabu na fizikia mwenye alikuwa na mashua yake ya matanga, alichoka na nanga za zamani. Akachora mpya. Unajua aliiga nini? Plau. Ile plau ya ng'ombe yenye unaiona Bungoma kila Februari na Machi watu wakingoja mvua. Ncha inaingia udongoni, na kadiri ng'ombe wanavyovuta ndivyo inazama zaidi. Akaiita CQR, juu ukizitamka hizo herufi kwa Kiingereza haraka haraka inasikika kama neno la usalama. Nanga nyingi za kisasa zimeboreshwa zaidi, ziko kama koleo lenye ncha kali, lakini wazo ni lile lile: usiikalishe chini, ilime. Nanga nzuri inalima mara moja, inajizika, inatulia.

Tofauti na shamba ni kwamba mkulima anataka plau iendelee kutembea. Huku tunataka ikwame.

Nyororo ndiyo siri

Kama shida ni kuvuta kwa usawa, basi lazima ujiulize: mashua iko juu, nanga iko chini, mvuto utakuwaje wa usawa? Jibu ni kamba ndefu. Ng'ombe aliyefungwa kamba fupi akiinua kichwa anainua kigingi. Aliyefungwa ndefu, kamba inalala chini.

Kwa hivyo unaachilia nyororo nyingi kuliko kina cha maji. Sheria ya wazee wa bahari ni angalau mara tano ya kina kama hali ni poa, mara saba ama zaidi upepo ukikaza. Na nyororo ni bora kuliko kamba, juu ina uzito wake: nyororo ya unene wa milimita 10 ni kama kilo 2.3 kwa kila mita. Ukimwaga mita 50 umeweka zaidi ya kilo 110 za chuma chini ya bahari, zaidi ya lile gunia letu. Inalala kwa mchanga. Upepo ukivuma inainuka polepole, ukipoa inalala tena. Ni kama springi. Tena matumbawe yanaweza kukata kamba ya nailoni kama kisu. Nyororo haikatwi hivyo.

Mimi niliacha campus kabla ya kumaliza lakini hii hesabu haitaki digrii, twende pamoja. Umefika ufukweni maji yamekupwa. Kina ni mita 5. Omo, yaani pua ya mashua yenye nyororo inatokea, iko mita 1 juu ya maji. Hiyo mita watu wengi huisahau. Jumla 6. Mara tano ni mita 30 za nyororo. Umemaliza, unafungua soda, unalala.

Masaa sita baadaye bahari imejaa. Mayotte, sawa na pwani ya Kenya, wakati wa bamvua maji yanaweza kupanda na kushuka karibu mita 4. Tuseme leo yamepanda 3. Sasa kutoka omo mpaka chini ni mita 9, na nyororo yako bado ni 30. Gawa. Umebaki na mara tatu na kidogo. Mvuto umeanza kuelekea juu. Hakuna mtu amekuja kuguza nanga yako, hakuna kitu kimebadilika isipokuwa mwezi umefanya kazi yake, na tayari kigingi kinalegea. Ulifaa kupiga hesabu na maji yakiwa yamejaa: 9 mara tano, mita 45.

Na upepo nao hauongezeki kwa adabu. Ukiongezeka mara mbili kasi, nguvu yake kwa mashua inaongezeka mara nne. Ndiyo maana jioni ilikuwa shwari na saa tisa usiku ni vita.

Kitu kingine cha ng'ombe: mduara. Mashua inazunguka nanga yake kulingana na upepo. Ukiwa na mita 45 za nyororo na mashua ya mita 12, ng'ambo hadi ng'ambo ya mduara wako ni zaidi ya mita 110, refu kuliko uwanja wa mpira. Ndani ya huo uwanja kusiwe na mwamba, kusiwe na boya, kusiwe na mashua ya mtu. Ng'ombe akifika kwa mahindi ya jirani ni kesi kwa chifu. Huku ni vioo vya madirisha na bima. Na ustaarabu wa bahari ni kwamba aliyefika kwanza ndiye mwenye mahali. Wewe mgeni ndiye unapima nafasi.

Chagua chini, si juu

Wengi wanachagua mahali kwa kuangalia ufukwe. Mchanga mweupe, minazi, picha kali. Lakini nanga haikai kwa picha, inakaa chini ya maji. Kabla hujaachilia chochote unasoma rangi. Rangi ya bluu-kijani nyepesi inayong'aa ni mchanga, hapo ndipo pako. Mabaka meusi ama kahawia ni matumbawe au nyasi za bahari. Ndiyo maana watu wenye akili huingia kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, jua likiwa juu na nyuma yao, na mtu mmoja amesimama omo anaonyesha kwa mkono. Kuingia kwa matumbawe jua likikupiga machoni ni kama kuendesha pikipiki bila taa barabara ya Kamukuywa usiku wa mvua. Labda utafika.

Matumbawe ni mabaya mara mbili. Nyororo inayavunja, na yamechukua miaka mingi sana kuota. Halafu nanga yenyewe inajibana chini ya jabali na asubuhi haitoki, unabaki unavaa miwani ya kuogelea kwenda kubembeleza chuma.

Nyasi za bahari nazo zinadanganya. Nanga inalala juu ya mizizi, unadhani imeshika, kumbe imekamata shuka tu. Upepo ukija inateleza na fungu la nyasi. Na hizo nyasi si takataka: ni chakula. Kusini mwa Mayotte kuna ufukwe unaitwa N'Gouja, kasa wakubwa wa kijani wanakuja kulisha hapo karibu kabisa na mchanga, mtu anaweza kuvaa miwani akawaona wakitafuna kama ng'ombe wako wa Chwele. Eneo hilo linalindwa, na tangu 2010 maji yote yanayozunguka kisiwa ni hifadhi ya bahari. Kwa hivyo kabla ya kutia nanga unaangalia ramani na unauliza. Ukiona boya la kufungia mashua, funga hapo, uache nyasi za watu wakubwa.

Halafu upepo. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba au Oktoba, unavuma kutoka kusini-mashariki. Kashkazi, kuanzia Novemba hivi mpaka Machi, unatoka kaskazini na unakuja na mvua. Unataka kulala upande ambao kilima kinakukinga na unaovuma. Ufukwe ulio poa Julai unaweza kuwa noma Januari. Watu wa Maore wamelijua hilo kabla ya Mfaransa yeyote kufika.

Kushusha kwenyewe

Sasa umepata baka la mchanga. Unaelekeza omo kwa upepo, unaenda polepole mpaka mashua isimame. Unashusha nanga, hutupi. Ikigusa chini unaiacha mashua irudi nyuma na upepo huku ukiachilia nyororo kidogo kidogo, ilale kwa mstari. Ukimwaga yote mara moja inarundikana juu ya nanga kama tambi, na hapo umejiandalia fundo.

Nyororo ikitosha, unafunga, halafu unatia injini rivasi taratibu. Hii hatua ndiyo inatenganisha mabaharia na watalii. Unaongeza nguvu polepole, kama vile wewe ndiwe dhoruba, na unaweka mkono ama mguu juu ya nyororo. Ikiwa imetulia na kukaza, nanga imelima. Ikiwa inatetemeka, inagonga gonga, ujue inakokota juu ya chini. Toa, rudia. Hata mara nne. Hakuna aibu, aibu iko saa tisa usiku.

Kuna ujanja wa bure wa kuthibitisha: chagua vitu viwili nchi kavu vilivyopangana, kwa mfano mbuyu na mnara wa msikiti nyuma yake. Vikibaki vimepangana uko pale pale. Mnara ukianza kutoroka upande, wewe ndiye unatoroka. Siku hizi kuna programu za simu zinazotumia GPS, unachora mduara wako na ukitoka nje inalia kama alamu ya gari. Itumie, lakini mbuyu hauishiwi na chaji.

Halafu nyororo haiachwi ivute chuma cha mashua moja kwa moja. Unafunga kamba nene ya nailoni kwa nyororo, ile kamba inanyooka kidogo kila mshtuko ukija, na inaua kelele. Bila hiyo unasikia kila jiwe linaloguswa chini, kama umelala ndani ya posho mill.

Giza likiingia unawasha taa nyeupe juu, inayoonekana pande zote. Mchana unaninginiza mpira mweusi upande wa mbele. Hizo ni sheria za kimataifa za kuzuia kugongana baharini za mwaka 1972, si pambo. Boti inayopita usiku bila taa haitakuona bila hiyo taa yako.

Na kuna boti zinapita usiku bila taa.

Mashua ile nyingine

Kutoka kisiwa cha Anjouan, ambacho ni Komoro, mpaka Mayotte ni kama kilomita 70. Chukua ramani uchore mstari ulionyooka kutoka Kitale mpaka Bungoma, ni karibu ule ule umbali. Sisi tunaupita na matatu, tukilalamika kuhusu muziki na kushushiwa Kiminini kununua ndizi. Watu wa Anjouan wanaupita usiku kwa boti ndogo ya uvuvi ya faiba yenye injini ya nyuma, imejazwa watu mpaka ukingo uko karibu na maji. Boti hizo zinaitwa kwassa-kwassa. Husemwa jina limetoka kwa ile densi ya Congo ya kina Kanda Bongo Man, kwa sababu ya vile inavyotikisika.

Zamani walikuwa wanaenda na kurudi, ni ndugu, ni arusi, ni matanga, ni soko. Mwaka 1995 Ufaransa ikaweka viza. Safari hazikuisha, zilihamia usiku. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya 2012 ilitaja makadirio ya waliokufa kwenye hayo maji kuwa kati ya watu 7,000 na 12,000 tangu hiyo viza. Na si Wakomoro pekee. Miaka ya karibuni Wasomali na Wakongo wamefika pia kuomba hifadhi, na mpaka uwanja wa michezo wa Cavani pale Mamoudzou uligeuka kambi ya mahema.

Kwassa haibebi nanga ya kilo 25 na mita 50 za nyororo. Haina nafasi, na haina nia ya kulala hapo. Inafika karibu na ufukwe gizani, watu wanashuka majini, boti inageuka. Ni ufukwe ule ule wa ile video ya nanasi. Mwenye yoti anaogopa kuburutwa na upepo. Hawa wanaogopa taa.

Mimi sioni dhambi kwa wale wazungu wa nanasi, wamejifunza kazi yao na wanaifanya vizuri. Lakini mtu akikuambia bahari ni uhuru, muulize ana pasipoti ya wapi. Yako ya Kenya pale inataka viza, na hata ukiwa na ile ya kawaida ya Schengen haikufikishi, juu Mayotte haiko ndani ya Schengen. Mashua yoyote inayotoka nje inafaa kwanza kwenda Dzaoudzi, kisiwa kidogo cha upande wa mashariki, ikiwa imepandisha bendera ya manjano kumaanisha bado haijakaguliwa. Ukishapigwa muhuri ndiyo unaenda kutafuta kona yako tulivu.

Kuna siku hata nanga nzuri, nyororo mara kumi, mchanga safi, vyote havisaidii. Tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kilipita juu ya Mayotte na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Watu walikufa, mitaa ya mabati ya Mamoudzou ikafutika, na mashua zilizokuwa zimetia nanga ndani ya ile bahari tulivu zikazama ama zikatupwa juu ya nchi kavu. Rudi kwa ile hesabu ya mara nne: upepo wa kusi wa kawaida ni kilomita 30 kwa saa hivi. Wa 210 ni mara saba ya huo. Nguvu yake ni mara saba ya saba, arobaini na tisa. Hakuna kigingi. Ndiyo maana mabaharia wanaosafiri hujitahidi wasiwe huko kusini msimu wa vimbunga. Kusi ikiendelea kuvuma wanaipandia, inawasukuma kuja kaskazini, Tanzania na Kenya, ambako kwa kawaida vimbunga havifiki.

Na hapo ndiyo hii stori inarudi nyumbani. Kilifi na Mtwapa zimejaa hizo mashua. Wenyewe wakipanda ndege kwenda kwao, mashua inabaki, na inataka mtu wa kuilinda, wa kuangalia kamba, wa kusikia nyororo ikibadilisha sauti. Bandari Maritime Academy iko Mombasa na haichukui watoto wa pwani pekee. Ng'ombe umewafunga tangu darasa la tatu, hesabu umeiona hapo juu.

Asubuhi ya kuondoka ni rahisi kuliko zote. Unasogeza mashua mbele polepole huku ukikusanya nyororo, mpaka uwe umesimama juu ya nanga kabisa. Sasa mvuto ni wa kwenda juu. Inatoka na tope lake, unaimwagia maji, unaifunga omo.

Ukipata njia ya kwenda pwani, simama kwa daraja la Kilifi, lile la 1991, uangalie chini kwa mkono wa bahari. Yoti zimejipanga hapo, nyingine kwa nanga, nyingi kwa maboya, zote zimeelekeza omo upande mmoja kama ng'ombe waliogeuzia mvua mgongo. Ngoja kidogo. Moja itaanza kugeuka, halafu ya pili, halafu zote. Hapo ujue maji yameanza kutoka.